Fundi wa Tepu na Kitabu cha Mlangoni

Fundi alisema jambo mara moja tu. Ukilisikia, umelisikia. Usipolisikia, shauri yako, yeye amekwisha kugeuka anaandika. Miaka kumi na moja nilisafisha chumba chake cha mashine, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akirudia sentensi. Wengine waliita ustaarabu. Mimi niliita ukaidi, na bado naita hivyo.

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake nani, kwa sababu sikumuuliza. Alikuwa Mhindi wa kwetu, yaani wa Afrika Mashariki, anakaa Queensbury, London, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani: kifupi, kimenyooka, hakina madoido. Siku ya kwanza nilipoingia na ndoo, nikijikusanyia Kiingereza cha kuombea njia, aliitazama kanga niliyojifunga kichwani akasema, "Mama, maji mbali na mashine." Nilifurahi kusikia lugha yangu hata nikasahau kuwa nimekaripiwa.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya kupeleka wasafishaji na watunza wazee kote London. Ofisi kuu ilikuwa Kilburn, juu ya duka la mazulia. Mimi nilitoka Peckham alfajiri, mabasi mawili, nikasafishe kabla wakubwa hawajafika. Na ndani ya kompyuta moja kubwa, kwenye chumba kisicho na dirisha, tulikuwamo wanawake wote wa kampuni: majina yetu, zamu zetu, nani kafanya kazi wapi, tangu lini, siku gani hakuja. Kazi ya Fundi ilikuwa kuhakikisha kwamba mashine ile ikifa, sisi hatufi nayo.

Alifanya hivyo kwa tepu. Zilifanana na kaseti za taarabu, ila nene. Zilikuwa tano, kila siku na yake. Jioni mashine inanakili kila kitu kwenye tepu, asubuhi saa kumi na mbili na nusu Fundi anafika, anaitoa, anaweka nyingine. Ile aliyoitoa Ijumaa ilikwenda naye nyumbani, ili ofisi ikiungua tuwe tumesalimika Queensbury. Aliibeba kwenye chombo chake cha chakula, kile cha bati cha ghorofa tatu: chini mchuzi, katikati chapati, juu sisi.

Ijumaa moja, siku ambayo hakupata hata nafasi ya kula, alikisahau kwenye treni. Alishuka, akakumbuka, akapanda treni iliyofuata mpaka mwisho wa reli, Stanmore, akakikuta ofisi ya vitu vilivyopotea. Mchuzi umeliwa, chapati zimeliwa, tepu ipo. Jumatatu aliponisimulia nilicheka hadi nikaegemea fagio.

"Si la kucheka, Mama," akasema. "Hata mwizi ameona haina thamani. Sawasawa na wakubwa."

Katika chumba kile alivaa koti Julai na Desemba, kwa sababu ya baridi ya mashine ya kupoza hewa. Kitambaa changu lazima nikikamue mara tatu mbele yake. Na mlangoni, kwa ndani, kulining'inia kitabu kikubwa chenye kamba na kalamu. Kila aingiaye lazima aandike tarehe, jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na atie saini. Kila aingiaye! Na nani aliyekuwa akiingia? Yeye na mimi. Chumba chenyewe upana wake kanga mbili.

"Fundi," nikamwambia, "hapa pana watu wawili. Unamtafuta nani?"

"Saini kwanza, Mama."

Mimi darasa la nne ndilo la mwisho. Kusoma najua kwa kufuata kwa kidole, kuandika kunanichosha mkono kuliko kupiga deki. Nilivumilia miezi michache, kisha nikapata njia yangu. Jumatatu nilitia saini za wiki nzima kwa mpigo mmoja, Jumatatu hadi Ijumaa, saa ya kuingia ileile, saa ya kutoka ileile. Siku nne zilizobaki niliingia na ndoo yangu nikatoka bila kukitazama kitabu. Fundi hakusema neno. Nikajua nimemshinda, na ushindi ule ulinipendeza miaka mingi.

Mashine ilikuwa na tabia ya kutoa karatasi kila asubuhi. Juu yake palikuwa na neno moja la Kiingereza ambalo Fundi alinifundisha maana yake: imekamilika. Yaani kunakili kumekwenda vizuri. Nilizikusanya karatasi zile sakafuni mpaka nikalijua neno lile kwa umbo lake kama ninavyoijua sura ya jirani. Imekamilika. Imekamilika. Imekamilika. Fundi hakuliamini hata siku moja.

"Mashine inasema imeandika," alisema. "Haijasema kama inasomeka. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha, Mama, si nakala. Ni matumaini."

"Kama mtungi wa unga wa akiba usioufunua," nikamwambia. "Huna unga. Una mtungi."

Akanitazama, akachukua penseli, akaliandika neno langu kwenye karatasi. Nadhani alilitia katika barua kwa wakubwa. Alikuwa akiwaandikia barua wakubwa kama wengine wanavyokunywa chai.

Alichotaka nakijua, maana alinichorea nyuma ya karatasi moja ya imekamilika. Vyungu viwili, ndizo kompyuta. Kimoja hapa Kilburn, kimoja jengo jingine mbali, na waya katikati. Badala ya tepu, kabati la diski nyingi, moja ikifa zilizobaki zinabeba mzigo wake. Vyungu vinazungumza mchana kutwa, kinachoingia hiki kinaingia kile, hakuna mtu wa kubeba sisi juu ya chapati. Na kila mwezi, siku maalumu, unachukua faili kutoka chungu cha pili unalirudisha, unalifungua, unalisoma kwa macho yako. Alipigia mstari hilo la mwisho mara mbili.

"Sasa nenda kawaambie," nikasema.

"Nimeandika."

Hapo ndipo tulipogombana, na tuligombana hapo miaka yote. Kulikuwa na kaseti ya kusafishia. Ile mashine ya tepu ina kichwa kinachosoma na kuandika, na kichwa hicho hushika uchafu. Basi kuna kaseti maalumu, unaiingiza, inafuta, unaitoa. Lakini ina idadi yake ya kufuta, ikipita haifuti tena. Fundi aliweka alama ya penseli kwenye lebo kila alipoitumia. Siku moja nikaona lebo imejaa alama mpaka pembeni, na bado anaiingiza.

"Hiyo imekwisha," nikamwambia.

"Zamani."

"Sasa unafanya nini?"

"Meneja anasema mashine haijalalamika, kwa hiyo hakuna haja ya kununua mpya."

Mimi kusafisha ndiyo elimu yangu. Hapo hakuna profesa atakayenifundisha. "Kitambaa kichafu hakisafishi," nikamwambia, "kinahamisha. Unachukua taka ya choo unaipaka jikoni. Hilo meneja hajui? Ulimwambia?"

"Nilimwandikia."

"Kwa mdomo?"

"Mara saba, Mama. Nina nakala zote."

"Fundi! Barua haina uso. Mtu anaiweka chini ya kikombe. Nenda kasimame mbele ya meza yake mpaka aone haya. Mficha uchi hazai."

Akafikiri. "Kwa umri wangu huu, Mama, sizai vyovyote."

Akageuka akaandika. Nililitupa fagio chini. Ndivyo alivyokuwa: mtu mwenye haki mkononi, anaikunja vizuri, anaitia katika bahasha.

Na usidhani ni kwa wakubwa tu. Dada yangu, aliyenilea Tanga mama yetu alipofariki, alikufa nikiwa hapa. Sikuweza kwenda. Kibali changu cha kukaa kilikuwa ofisi ya uhamiaji kikisubiri kuongezwa, na ukitoka nchini kikiwa huko, umejitoa. Siku tatu sikwenda kazini. Nililala chini, nikaangalia dari. Siku ya nne nikaenda, na mtu wa kwanza kumwambia alikuwa yeye, kwa sababu ndiye pekee pale ambaye ningemwambia kwa maneno ya msiba yenyewe.

"Fundi, dada yangu amefariki."

Alisimama na tepu mkononi. Midomo ilicheza kidogo. Kisha akainamisha kichwa, akaenda mlangoni, akanipa mgongo. Hata pole! Neno la herufi nne, ambalo kwetu anapewa hata mtu aliyejikwaa kwenye jiwe. Nilikikamua kitambaa changu mara moja tu siku ile, maji yakachuruzika, naye hakuthubutu kunikanya. Hilo sikumsamehe.

Kisha ikaja Julai ya joto. Mashine ya kupoza hewa ilikufa Jumamosi, na Jumatatu nilipofungua mlango chumba kilinipumulia kama tanuri. Kompyuta kubwa ilikuwa imenyamaza. Fundi alifika na lile koti lake, akasimama, akalivua. Sikuwahi kumwona bila koti mle ndani. Alionekana mdogo.

Walijaribu kurudisha kutoka kwenye tepu. Ya Jumatatu haikusomeka. Ya Jumanne haikusomeka. Ya Alhamisi ilitoa vipande. Wakasema leta ile ya nyumbani, akaenda Queensbury akarudi nayo, nayo vilevile, maana iliandikwa na kichwa kilekile kichafu. Miaka ya imekamilika, na hapakuwa na chochote. Unaona? Mitungi.

Walimwita chumba cha mikutano. Mimi nilikuwa nje nafuta kioo cha mlango, na kioo kile nilikifuta mpaka kikachoka. Fundi alitandaza nakala za barua zake mezani, moja moja, kwa mpangilio wa tarehe. Meneja akasema hakuna aliyeziona. Fundi hakupaza sauti. Hakupiga meza. Alizipanga tena, akazirudisha kwenye faili. Alipotoka na sanduku lake la vitu nilimfuata mpaka ngazini.

"Sema kitu, mwanaume wewe! Rudi useme!"

"Imeandikwa, Mama," akasema, akashuka.

Kabla mwaka haujaisha likaja kabati jipya. Diski zimepangwa kama mikate, taa za kijani zinapepesa. Jengo jingine nje ya mji, waya, nakala mchana kutwa, na kila mwezi siku ya kurudisha na kusoma. Muuzaji alibandika mchoro ukutani: vyungu viwili, ila vyake vilikuwa vya rangi. Meneja alipigiwa makofi. Kwa kweli kabati lile ni zuri, silisemi vibaya, halijapoteza kitu. Lakini kila nilipolipangusa vumbi nilikuwa nikipangusa wazo la mtu aliyefukuzwa kwa kukosa wazo.

Na mimi? Mimi niliona ni msiba wa Fundi. Sikujua ni wangu.

Miaka miwili baadaye nikaomba kibali cha kukaa moja kwa moja. Nilikuwa nimefikisha miaka inayotakiwa, na nilikuwa na wajukuu watatu Peckham, wanaoelewa kila ninachowatukana na kunijibu kwa Kiingereza. Mwanasheria wangu, mama mmoja mkavu lakini mwenye akili, akasema lazima nithibitishe kwamba miaka yote ile sikutoka nchini kwa muda mrefu. Pasipoti ya zamani ubalozi ulibaki nayo waliponipa mpya. Watu wa kodi walitoa barua kwamba nilikuwa mfanyakazi. Mwanasheria akasema inasaidia, lakini mtu anaweza kuwa mfanyakazi na bado akakaa miezi kwao. Kampuni ikajibu kwa mistari miwili: kumbukumbu zetu zinaanza Agosti ya mwaka fulani. Agosti, baada ya ile Julai.

"Huna karatasi nyumbani?" akauliza.

Sikuwa nazo. Mimi ni mtu wa usafi. Kila Januari nilitupa karatasi za mwaka uliopita, nikajiona hodari.

"Hakuna kitu chochote ulichotia saini siku kwa siku?"

Nilikikumbuka kitabu cha mlangoni. Na papo hapo nikazikumbuka Jumatatu zangu. Ukikifungua kitabu kile ungeniona nimeingia kazini siku ya Krismasi, maana mwaka mmoja iliangukia Alhamisi, na mimi nilikwisha kuitia saini siku ya Jumatatu. Ungeniona nimeingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi siku zote tatu nilizolala sakafuni nikimlilia dada yangu. Ningempa mwanasheria kitabu kinachosema nilikuwepo kila siku, na watu wa uhamiaji wangekuta siku moja ya uongo, wangezitupa zote. Nilirudi nyumbani. Miaka kumi na moja niliicheka pamoja na Fundi ile imekamilika ya mashine, na mimi mwenyewe nilikuwa imekamilika.

Nambari yake ya simu niliijua kwa moyo. Ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa chumba, ya kupigwa mashine ikizima, na mlango ule niliufuta kila siku. Nikapiga.

"Haloo," ikasema sauti. Nikajitaja. Akauliza: "Mashine imezima?"

"La, Fundi. Mimi ndiye nimezima."

Nyumba yake ilikuwa ndogo, safi, mtaa uliotulia. Alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba. Mke wake alileta chai ya maziwa akatuacha. Nikamweleza yote: kibali, mwanasheria, Agosti. Sikumaliza, akainuka, akafungua kabati la ukutani. Vitabu vyote vilikuwamo, vimefungwa kwa plastiki, kila mwaka na lebo.

"Waliniambia nichukue vitu vyangu," akasema. "Nakala za fotokopi ziko kwa shemeji yangu."

Nikaweka kikombe chini. "Fundi, vitabu hivi havinifai. Nilikuwa nikitia saini za wiki nzima Jumatatu."

"Najua."

"Unajua?"

Akafungua kimoja, akanisogezea, akaniwekea taa. Saini zangu zile, kubwa, za kalamu ya bluu, zimeshuka ukurasa kama ngazi. Na kando ya kila moja, kwa penseli, alama ndogo ya vema, saa halisi, na herufi za jina lake. Siku niliyofika kuna vema. Siku ambayo sikufika saini yangu ina mstari mwembamba wa penseli, na neno. Krismasi: mstari. Ofisi imefungwa. Miaka yote. Kila siku. Alikuwa akinikagua.

"Tepu ningezijaribuje?" akasema. "Nilitaka mashine ya pili, wakaninyima. Kitabu kilitaka penseli tu."

Hilo la kibali nilimalize hapa, nisikuweke roho juu. Fundi aliandika barua ya kuthibitisha, kurasa sita, akaapa mbele ya wakili, na vitabu vikaenda pamoja nayo. Safari hii aliyeandikiwa alisoma. Nilipata karatasi yangu, na fotokopi zake ziko sehemu tatu.

Lakini siku ile mezani kwake bado nilikuwa nafungua kurasa. Pembeni niliona maneno mengine ya penseli, madogo sana, nikadhani ni Kiingereza chake cha barua. Nikaweka kidole chini yake. Kilikuwa Kiswahili.

Mama, saini leo kwa leo tafadhali.

Ukurasa wa pili: Mama, leo kwa leo tafadhali. Wa tatu. Wa kumi. Mtu ambaye sikumsikia akirudia sentensi alikuwa ameirudia sentensi ileile wiki baada ya wiki, hatua moja kutoka kwenye ndoo yangu, katika lugha yangu, na mimi nilipita.

Nikafungua hadi nilipofika siku zangu tatu. Saini tatu za bluu, mistari mitatu ya penseli. Nilisoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama hakuja. Dada yake amefariki Tanga. Hakuweza kusafiri. Pole sana, Mama. Pole sana."

Niliacha kidole palepale. Yeye alikuwa anaitazama chai yake.

"Ungesema," nikamwambia.

Akaukunja mkono wa koti, akaukunjua.

"Niliandika," akasema.